Maisha ya William Penn, Mwanzilishi wa Pennsylvania

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule yetu hii, chama cha mdahalo kilikutana jioni moja kujadili hoja hii: kwamba Wazungu waliovuka bahari kwenda kuanzisha makoloni ya kwanza ya Amerika ya Kaskazini walikwenda kutafuta uhuru wa dini. Mimi niliwekwa upande wa kupinga. Nikasimama kwa majivuno mengi, nikasema kwamba dini ilikuwa kanzu tu ya kuvaliwa mbele ya watu, na ndani ya kanzu ile mlikuwa na mfuko wa fedha. Wenzangu wakapiga makofi na kugonga madawati, na kura zilipohesabiwa tulikuwa tumeshinda.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa ameketi nyuma, wala hakusema neno. Kesho yake alinipa kitabu cha maisha ya William Penn, akaniagiza nikisome chote, kisha nimweleze kama mtu huyo ni wa upande wangu au wa upande ule mwingine. Nilikisoma, lakini jibu sikulipata, na shule nikaimaliza bila ya kumjibu. Mwalimu yule amekwisha kufariki dunia. Basi, mhariri wa sehemu ya Kiswahili aliponiomba niwaandikie vijana habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani, niliona afadhali nilipe deni lile.

Kwanza yafaa tukumbuke hali ya makoloni yenyewe. Jamestown, katika Virginia, ilianzishwa mwaka wa 1607 na kampuni ya London iliyotaka faida, na faida hiyo hatimaye ilipatikana kwa tumbaku. Mwaka wa 1620 kikundi cha watu waliojitenga na Kanisa la Uingereza kilifika Plymouth, na mwaka wa 1630 Wapuritani wengi wakafuata, wakakaa Massachusetts. Hao walikwenda kwa ajili ya dini kweli, lakini uhuru walioutafuta ulikuwa wa kwao wenyewe tu. Katika mji wao wa Boston, kati ya mwaka wa 1659 na 1661, walinyongwa watu 4 waliofukuzwa kwa ajili ya imani yao kisha wakathubutu kurudi. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Mary Dyer. Wote wanne walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, ambao watu wengi huwaita Quaker. Madhehebu hayo ndiyo aliyojiunga nayo William Penn.

Penn alizaliwa London tarehe 14 Oktoba, 1644. Baba yake, aliyeitwa William vile vile, alikuwa amirali wa manowari, na mwaka wa 1655 alikuwa mmoja wa wakuu wa majeshi ya Waingereza yaliyoiteka Jamaica kutoka kwa Wahispania. Alikuwa na mashamba Ayalandi, alijuana na wafalme, na tamaa yake kubwa ilikuwa kumwona mwanawe akiwa bwana mkubwa. Kwa hiyo alimpeleka kusoma Oxford mwaka wa 1660. Lakini kijana hakupenda kulazimishwa namna ya kusali, na mwaka wa 1662 akafukuzwa chuoni. Alipofika nyumbani baba yake alimpiga, akamtoa nje. Baadaye hasira zikatulia, akampeleka Ufaransa ili mambo ya huko yamsahaulishe habari za dini. Kijana akarudi amevaa vizuri, ana adabu za kiungwana, na mzee akafurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka wa 1667, alipokuwa Ayalandi kuangalia mashamba ya baba yake, Penn alimsikiliza mhubiri wa Marafiki, Thomas Loe, katika mji wa Cork, akajiunga nao, na muda si muda akatiwa gerezani kwa kuhudhuria mkutano wao. Marafiki walifundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini. Kwa sababu hiyo hawakuwa na makasisi wa kulipwa, hawakula viapo, hawakubali vita, wala hawakuvua kofia mbele ya mkubwa yeyote. Kwetu sisi habari ya kofia yaonekana ndogo, lakini katika Uingereza ya siku zile, kukataa kuvua kofia kulikuwa kama kijana wa kwetu kupita mbele ya wazee bila ya kuwaamkia. Amirali akamwomba mwanawe avue kofia mbele ya watu watatu tu: mfalme, ndugu yake mfalme, na yeye baba. Kijana akaomba nafasi ya kusali kwanza, kisha akakataa. Akafukuzwa nyumbani tena.

Mwaka wa 1668 alifungwa katika ngome ya London, ile iitwayo Tower, kwa ajili ya kitabu alichokiandika, akakaa humo karibu miezi minane. Lakini kesi iliyolifanya jina lake lijulikane sana ilikuwa ya mwaka wa 1670. Sheria ya wakati ule ilikataza ibada yoyote ya hadhara isiyokuwa ya Kanisa la Uingereza. Askari wakaufunga ukumbi wa Marafiki katika mtaa wa Gracechurch, na Penn akahubiri pale pale barabarani. Akakamatwa pamoja na mwenzake William Mead, wakashtakiwa kwamba wamefanya ghasia.

Kesi ilisikilizwa mbele ya raia 12 walioapishwa, ambao mahakama huwaita juri. Raia hao, wakiongozwa hasa na Edward Bushel, walikataa kusema kwamba Penn ana hatia. Mahakimu wakawaka hasira, wakawafungia ndani siku mbili usiku na mchana bila ya chakula, bila ya maji, bila ya moto. Wakatoka na neno lile lile. Kisha wakatozwa faini, na waliokataa kulipa wakapelekwa gerezani. Bushel akapeleka malalamiko yake mbele, na Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba juri hawawezi kuadhibiwa kwa sababu ya shauri walilolikata. Uamuzi huo umekuwa nguzo katika nchi zote zilizofuata sheria za Kiingereza. Nawaomba vijana mwangalie jambo hili kwa makini, maana nitalirudia: Penn aliokolewa na watu 12 wa kawaida waliokuwa na mahali pa kusimama na kusema hapana.

Amirali alikufa mwezi huo huo wa Septemba, 1670, akiwa amepatana na mwanawe. Akamwachia mali, na pamoja na mali akamwachia deni la kudai. Serikali ya mfalme ilikuwa haijamlipa Amirali fedha zake, na deni hilo lilifika kiasi cha pauni 16,000. Mfalme Charles wa Pili hakuwa na fedha za kulipa.

Miaka kumi ikapita. Penn alioa, aliandika vitabu vingi, alisafiri Uholanzi na Ujerumani akihubiri, na kila mwaka aliona Marafiki wakijazwa magerezani na mifugo yao na vyombo vyao vikichukuliwa kuwa faini. Yeye mwenyewe naye alikuwa ameanza kuzama katika madeni, maana aliishi kama mtoto wa bwana mkubwa. Mwaka wa 1680 akapeleka maombi kwa mfalme: badala ya fedha, apewe ardhi ng'ambo ya bahari.

Mfalme alikubali, na hati ikatiwa sahihi tarehe 4 Machi, 1681. Kwa deni lile Penn alipata nchi ya karibu maili za mraba 45,000, na kodi yake kwa mfalme ilikuwa ngozi mbili za biva kila mwaka, pamoja na sehemu moja ya tano ya dhahabu na fedha itakayochimbwa. Biva ni mnyama wa mitoni mwenye manyoya mazito yaliyopendwa sana kwa kofia. Penn alitaka nchi hiyo iitwe Sylvania, yaani nchi ya misitu, lakini mfalme akalitanguliza jina la Penn kwa heshima ya marehemu Amirali. Penn alijaribu kulifanya jina liondolewe, asije akadhaniwa kwamba amejitukuza, lakini hakufanikiwa.

Hapo ndipo palipoushinda ufundi wangu wa mdahalo. Mtu huyu alitaka kimbilio kwa watu wa dini yake, na kwa watu wa dini nyingine pia. Papo hapo alitaka fedha, wala hakuficha. Alichapisha matangazo ya kuwaita wanunuzi, yakatafsiriwa hata kwa Kijerumani na Kiholanzi. Aliuza ekari 5,000 kwa pauni 100, na juu yake kodi ya shilingi 1 kila mwaka kwa kila ekari 100. Katika karatasi zile zile mliandikwa bei ya ardhi na ahadi ya uhuru wa kuabudu, na ahadi ile ndiyo iliyowavuta wanunuzi wengi. Nia hizo mbili zilifungwa katika mzigo mmoja, na mwenyewe hakuona kwamba zinagombana.

Mwaka wa 1682 alipanda meli iitwayo Welcome. Ndui ikaingia melini, na katika abiria wapatao 100 wakafa karibu 30. Alifika mwezi wa Oktoba. Mji mkuu, Philadelphia, ulikwisha kupimwa na Thomas Holme kwa barabara zilizonyooka na viwanja vikubwa. Sheria za kwanza zilisema kwamba mtu yeyote amwaminiye Mungu mmoja asisumbuliwe kwa ajili ya ibada yake, na adhabu ya kifo ikabakizwa kwa makosa machache sana, hali huko Uingereza hata mwizi alinyongwa. Lakini tuseme yote: vyeo vya serikali viliwekwa kwa Wakristo tu.

Nchi ile haikuwa tupu. Wenyewe walikuwa watu wa Lenape, ambao Waingereza waliwaita Delaware. Penn alikwisha kupewa hati na mfalme, na kwa sheria ya Kiingereza hiyo ilitosha. Hata hivyo aliona haifai kuikalia ardhi ya watu bila ya kuwalipa, akaketi nao, akajifunza maneno ya lugha yao, na mwaka wa 1683 akanunua ardhi kutoka kwa Tamanend na wakuu wengine. Masimulizi ya siku nyingi yasema kwamba walifanya mapatano ya urafiki chini ya mti mkubwa mahali paitwapo Shackamaxon. Karatasi ya mapatano hayo haipo. Mti ulikuwapo hata mwaka wa 1810, ulipoangushwa na dhoruba.

Mwaka wa 1684 Penn alilazimika kurudi Uingereza kwa sababu ya ugomvi wa mpaka na Lord Baltimore, mwenye koloni la Maryland. Alidhani atakaa kidogo, akakaa miaka 15. Rafiki yake Mfalme James wa Pili alipoangushwa mwaka wa 1688, Penn alishukiwa kuwa msaliti, akajificha, na kwa muda serikali ya koloni ikachukuliwa mikononi mwake. Mkewe Gulielma akafa mwaka wa 1694.

Huko nyuma koloni lilikuwa likikua, na jambo jingine likakua pamoja nalo. Mwishoni mwa mwaka wa 1684 meli ya Isabella ilileta Philadelphia Waafrika wapatao 150, wakauzwa, na baadhi ya wanunuzi walikuwa Marafiki. Penn mwenyewe alikuwa na watumwa katika shamba lake la Pennsbury. Mwaka wa 1688 watu wanne wa kijiji cha Germantown, mmoja wao Francis Daniel Pastorius, waliandika barua ya kuuliza jinsi watu waliokimbia kuonewa kwa ajili ya imani wanavyoweza kumwonea mtu kwa ajili ya rangi yake. Mikutano ya Marafiki ikaipokea barua, ikaipeleka kutoka baraza moja hadi jingine, kisha ikaiweka kando. Penn naye, mwaka wa 1701, aliandika wosia wa kuwaacha huru watumwa wake, lakini wosia wake wa mwisho haukulitaja jambo hilo.

Alirudi Pennsylvania mwaka wa 1699 pamoja na mke wake wa pili, Hannah, akakuta watu wamechoka kutawaliwa na bwana aliye mbali, na kodi zake hawataki kulipa. Badala ya kupigana nao, tarehe 28 Oktoba, 1701, aliwapa hati mpya ya haki. Bunge lao likapata uwezo wa kutunga sheria lenyewe. Katika hati hiyo aliruhusu mambo mengine yabadilishwe siku za mbele, kama sehemu sita katika saba za Bunge pamoja na gavana watakubali. Jambo moja tu aliliwekea kufuli: kifungu cha uhuru wa dhamiri kisibadilishwe milele. Kisha akapanda meli, asiione tena nchi ile.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Kwa miaka mingi alimwamini msimamizi wa mali yake, Philip Ford, akatia sahihi karatasi zake bila ya kuzisoma vizuri. Ford alipokufa, jamaa zake walizitoa karatasi hizo na kudai kwamba Pennsylvania yote ni mali yao. Mwaka wa 1708 Penn, akiwa mzee wa miaka 63, aliwekwa katika gereza la wadaiwa. Marafiki wakachanga fedha wakamtoa. Mwaka wa 1712 alikuwa akijadiliana na serikali aiuzie madaraka yake ya kutawala koloni kwa pauni 12,000, kiharusi kikampiga kabla ya mapatano kwisha. Hannah ndiye aliyeziendesha kazi zake. Alikufa tarehe 30 Julai, 1718, akazikwa Jordans, katika Uingereza.

Ardhi ikawa ya wanawe, nao walikuwa na madeni na hawakuwa na moyo wa baba yao. Walitoa karatasi waliyosema ni ya mwaka wa 1686, ambayo ndani yake wazee wa Lenape walikubali kutoa ardhi kiasi cha mwendo wa mtu wa siku moja na nusu. Mwezi wa Septemba, 1737, wakaajiri watu watatu wenye mbio, wakawatengenezea njia msituni. Mmoja wao akafika zaidi ya maili 60. Lenape walilalamika kwamba huo si mwendo wa mtu anayetembea, lakini hapakuwa na juri ya kuwasikiliza, wala hawakuwa na kiti katika Bunge. Wakahamishwa. Mwaka wa 1755 baadhi yao walishika silaha, na amani ya miaka zaidi ya 70 ikavunjika. Wazao wao leo wako mbali na mto wao wa Delaware, wengi katika Oklahoma na wengine Kanada.

Lakini ahadi ya dhamiri haikufa. Ile hati ya mwaka wa 1701 ilisimama mpaka mwaka wa 1776, koloni lilipokuwa jimbo la Marekani. Wamennonite, Walutheri, Wakatoliki na Wayahudi waliabudu Philadelphia wakati ambapo penginepo walikuwa wakifukuzwa. Na ile barua ya Germantown iliyowekwa kando ilizaa wengine waliosema kwa sauti zaidi, hata mwaka wa 1776 Marafiki wa Philadelphia wakakataza mtu wao kumiliki mtumwa, na mwaka wa 1780 Pennsylvania ikatunga sheria ya kuumaliza utumwa polepole.

Habari hizi hazikuishia ng'ambo. Utumwa ulipoondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka wa 1897, Marafiki wa Uingereza walikuja Pemba kufanya kazi kati ya watu waliotoka utumwani. Mwaka wa 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani walifungua misheni Kaimosi, magharibi ya Kenya, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Sasa nimjibu mwalimu wangu. William Penn alikuwa wa pande zote mbili, na hoja yetu ya siku ile ilikuwa na kasoro. Tuliuliza waanzilishi walikuwa na nia gani, kana kwamba nia ikiwa njema, matunda nayo yatakuwa mema. Penn aliwatakia mema Marafiki wenzake, aliwatakia mema Lenape, na mwishoni aliwatakia mema hata watumwa wake. Lakini ni wale wa kwanza peke yao waliopata Bunge, na mahakama, na hati wanayoweza kuishika mkononi na kumwonyesha bwana mwenyewe. Hao ndio waliobaki na uhuru wao. Lenape na watumwa walikuwa na moyo mzuri wa mtu mmoja tu, na mtu akifa moyo wake huzikwa naye. Yeye, aliyeokolewa na watu 12 waliokuwa na uwezo wa kusema hapana, hakuwapa wengine wote uwezo huo.

Vijana wa chama cha mdahalo, mkiipata hoja hii tena, msichoke kuuliza mtu alikuja kwa dini au kwa fedha. Ila mkimaliza kuuliza hilo, ulizeni na hili: wale aliowaahidi haki, je, aliwaachia mahali pa kuidai?